Mstari wa Nyinyoro

Matunguu yale niliyachimba nyumbani kwa mama yangu, upande wa chini kule Siakago, Mbeere, mvua za Oktoba zilipoanza. Nilikuwa nimeenda kumwona tu. Nilipofika nikakuta nyinyoro zimechanua kandokando ya njia inayoshuka mtoni, kwenye ardhi nyekundu ambayo juzijuzi ilikuwa imepasuka kwa ukame. Nikasimama pale na mkoba begani, sikuingia hata uani.

Ni ua la mwitu, halikupandwa na mtu. Kiangazi linazama ardhini lisionekane hata jani, watu na mbuzi wakapita juu yake. Mvua ikishuka, shina nene linachomoka, na juu yake maua makubwa meupe, kila petali ikiwa na mstari wa waridi katikati. Jioni yananukia mpaka ndani ya nyumba. Katika Biblia ya Kiswahili tunayosoma kanisani ndilo nyinyoro. Wazee wetu huliita itoka. Nikiwa msichana nilikuwa nikilivunja na kulitia katika kopo la maji mezani, basi. Sikulijua kwa jambo lingine lolote.

Mama alinicheka aliponiona nikishika jembe na nguo zangu za safari. Matunguu yake yako chini sana, unachimba mpaka mkono unazama kufikia kiwiko, na utomvu wake unawasha. Alinifungia machache katika gunia dogo, akaniambia niyapande shingo ikae nje, na yakilala wakati wa kiangazi nisiyamwagilie maji kwa huruma, yataoza.

Nimeolewa Kibugu, Embu, juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, mahali pa chai na ukungu. Mume wangu anafanya kazi ya ofisi mjini Meru na huja nyumbani Jumamosi, kazi ikimruhusu. Katika boma lile tulikuwa na nyumba tatu. Ya baba mkwe na mama mkwe iko juu, karibu na barabara. Yetu iko chini yake, mkono wa kushoto. Ya shemeji, mdogo wa mume wangu, na mkewe, iko mkono wa kulia. Shemeji ndiye aliyebaki nyumbani akiangalia ng'ombe na chai. Shamba lote lilikuwa kwa jina la baba mkwe, na bado liko kwa jina lake. Mimi nilichuma majani upande nilioonyeshwa, shemeji akachuma upande wake, lakini hakuna siku ambayo mzee alisema huu ni wako na huu ni wako. Wanawe walikuwa wamewahi kuuliza, kila mmoja kwa wakati wake, na alichowajibu ni kwamba bado yuko hai na hajachoka kula.

Kati ya nyumba yetu na ya shemeji palikuwa na nyasi tupu zilizoshuka mpaka chai inapoanzia. Hapo ndipo nilipopanda nyinyoro zangu. Nilitaka nikifungua dirisha la jikoni nizione zote kwa pamoja. Na kwa kuwa ua likipangwa ovyo huonekana kama gugu, nilipigilia vijiti viwili, nikavuta kamba kati yake, nikachimba mashimo nikifuata kamba.

Shemeji alinikuta katikati ya kazi, kikapu cha chai mgongoni, anatoka kituo cha kupimia majani.

"Unapima nini, shemeji?"

"Sipimi. Napanda maua."

"Maua gani?"

Nikamwambia ni itoka, nimeyatoa kwetu. Alipanda mpaka kilipokuwa kijiti cha juu, akasimama nyuma yake, akafumba jicho moja na kuangalia kamba ilivyonyooka mpaka kwenye chai. Kisha akasema sawa, akaenda zake. Nilidhani amechoka.

Matunguu hayakuchelewa kushika. Baridi ya Kibugu si ya kwetu, kwa hiyo maua sikuyatarajia mwaka ule, lakini majani yalitoka, marefu, ya kijani kibichi, yakajikunja ncha zake. Nilikuwa nikitoka asubuhi na kikombe cha chai kuyatazama. Na ni katika siku hizo ndipo nilipoanza kuona kwamba mambo hayakuwa kama yalivyokuwa.

Kwanza ilikuwa mke wa shemeji. Tulikuwa tukienda kuchuma pamoja, tukizungumza njia nzima. Akaanza kutangulia. Nikitoka, namwona mgongo wake tayari ukiwa katikati ya chai. Kisha nikaingia kwa mama mkwe kuazima ungo, nikawakuta yeye na shemeji wanazungumza, wakanyamaza. Mama mkwe akaniuliza habari za kikohozi cha mtoto ambacho kilikuwa kimeshapona. Baba mkwe naye, ambaye kila jioni alikuwa akipita mbele ya jikoni yangu kwenda kuangalia ng'ombe na kuniuliza tumeshindaje, akaanza kupita upande wa pili, nyuma ya kibanda cha kuku, ambako kuna matope.

Nilijiuliza nimefanya nini. Nilirudia kichwani maneno yote niliyokuwa nimeyasema kanisani, kisimani, kwenye chama cha akina mama. Halafu siku moja nikiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani, mama mmoja jirani akaniinamia sikioni akasema amesikia mzee ametuonyesha yetu, na kwamba ni jambo jema, afadhali kuonyeshwa mapema. Nikamuuliza kuonyeshwa nini. Akaniangalia kama mtu anayenionea huruma kwa kuficha kitu kilichoko peupe. Akageuka akasukuma kikapu chake mbele.

Jioni hiyo mume wangu akapiga simu. Hakuanza na salamu zetu za kawaida.

"Umepanda nini hapo katikati?"

Nikamwambia maua. Akaniuliza maua gani, nani alinionyesha mahali, na kwa nini nilivuta kamba. Nikajua ameshapigiwa. Nilimjibu yote pole pole. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti anayotumia akiwa na watu ofisini:

"Baba amekuambia kitu ambacho hajaniambia mimi?"

Swali hilo liliniuma kuliko kunyamaza kwa wengine wote. Niliketi kitandani. Yeye ndiye aliyenieleza, kwa simu, akiwa mbali, jambo ambalo kila mtu katika boma lile alidhani ninalijua. Zamani, kabla ya wapimaji ardhi na mawe yao, mtu alipogawa shamba Embu alipanda itoka kwenye mpaka. Kwa sababu haifi. Ukame ukija inalala, moto ukipita inalala, na mvua ikija inaamka palepale. Na ikishapandwa mbele ya wazee haing'olewi, anayeing'oa anajitakia laana. Mababu walioonewa mpaka walikuwa wakionyesha itoka, na kesi inaisha.

Nikamwambia kesho asubuhi nitayang'oa yote.

"Usiyaguse," akasema haraka. "Ukiyang'oa watasema nini? Kwamba usiku tulipanda mpaka, mchana tukaung'oa?"

Nikamkumbusha kwamba nilipanda mchana, na shemeji akiniona.

"Usiyaguse," akarudia.

Kwetu Mbeere mipaka ni miti na mawe, na mashamba mengi yamepimwa hivi majuzi tu. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, au kama niliisikia kwa bibi yangu, niliisikia kama watoto wanavyosikia. Lakini nani angeniamini? Nilikuwa mtu mzima, mke wa kifungua mimba, nimetoka kwetu na gunia, nikavuta kamba katikati ya shamba la mzee aliye hai. Hata mimi ningejishuku.

Jumamosi mume wangu alikuja. Baada ya kunywa chai alitoka, akaufuata ule mstari kutoka juu hadi chini, mikono nyuma. Mimi nilikuwa dirishani nikisafisha sufuria. Alipofika chini akasimama, akageuka, akaangalia upande wetu, halafu upande wa shemeji, na nikaona midomo yake ikienda. Alikuwa akihesabu miti ya makadamia iliyosimama ndani ya chai. Aliporudi ndani alisema, kama mzaha, kwamba mpaka ukiwa pale makadamia nyingi zinakuwa zetu. Nilimtazama. Tangu hapo nikaanza kumshuku hata yeye, kwamba anasema nisiyaguse kwa sababu nyingine, siyo ile aliyonipa.

Kisha majani yakaanza kukatwa.

Niliamka siku moja nikakuta nyinyoro tatu za juu, zilizo karibu na nyumba ya mzee, zimekatwa usawa wa ardhi, kwa kitu chenye makali. Shingo za matunguu zilikuwa zinatoa utomvu. Majani yenyewe hayakuwepo. Siyo ng'ombe, ng'ombe halili itoka, na siyo kuku. Yalipochipua tena, yakakatwa tena.

Sikuhitaji kufikiri sana. Nilimwona shemeji akinoa panga lake kwenye jiwe la mtaroni, nikamwona akipita pale na gambuti zake za mpira akiangalia chini. Nikaanza kumchunga. Nilijua saa anayotoka na saa anayorudi. Siku moja alipoacha panga likiwa limeegemezwa kwenye kibanda cha ng'ombe nililichukua nikalinusa, nikapitisha kidole kwenye makali kutafuta ule utelezi. Lilikuwa na harufu ya nyasi za napia tu. Nililirudisha nikijiambia ameliosha. Nikaacha kumpelekea mkewe mboga kama nilivyozoea. Watoto wao walipokuja kucheza kwetu niliwapa uji, lakini nilikuwa nikisikiliza wanachosema, na hilo ni jambo ambalo sikujua ninaweza kulifanya.

Basi asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida kwa sababu mtoto alitaka maji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Kupitia dirisha la jikoni nikaona mtu ameinama kwenye mstari. Nikafungua mlango taratibu, nikamwendea kwa nyuma. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa na kisu cha jikoni, kile cha mpini mweusi cha kukatia sukuma wiki, na majani ya nyinyoro ameyakunjia kwenye leso yake.

Yeye hakushtuka. Alimalizia lile alilokuwa ameshika, akajinyoosha kwa taabu, mkono kiunoni.

"Rudi ndani, utapata baridi," akaniambia.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Haya ya juu ndiyo anayoyaona mzee akitoka mlangoni. Akiyaona hali chakula."

Aliniambia pale pale, tukiwa tumesimama kwenye umande, kwamba mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Tangu siku nilipovuta kamba alikuwa akiamini kwamba mume wangu ndiye aliyenituma, kwamba tumechoka kungoja. Alikuwa akiamka anakaa kitandani anasema, wananipimia nikiwa macho. Mama mkwe hakuweza kung'oa, kwa sababu mpaka haung'olewi, hata mpaka wa uongo, hakutaka kujaribu. Lakini jani si mzizi. Akaona akikata majani ya juu, mzee atasahau kidogo kidogo. Majani alikuwa akiyafukia kwenye mbolea.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alifunga leso yake vizuri kabla ya kunijibu.

"Sikujua wewe uko upande gani," akasema.

Nilimwambia nilikuwa nimemdhania shemeji. Akasema shemeji naye anadhani ni mimi ninayeyakata, kuficha mstari mpaka uote mizizi. Tungecheka, kama tungekuwa watu wengine. Tuliachana kila mmoja akaenda kuwasha moto wake.

Nadhani ni yeye aliyemsukuma mzee, kwa sababu haikupita muda akatuita. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, mume wangu akiwepo. Tulikaa nje upande wa jua, sote, hata mke wa shemeji na mtoto wake mchanga. Wakati huo ulikuwa kiangazi na majani ya nyinyoro yalikuwa yameanza kuwa ya manjano yenyewe na kulala. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakuwauliza wanawe kitu. Aligeuka kwangu.

"Mama, nani alikutuma?"

Nikasema hakuna. Nikamweleza kuhusu njia ya mtoni kwetu, na kopo la maji mezani, na dirisha la jikoni. Nikiwa nasema niliona jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo mbele ya shamba. Maua. Mtu anavuta kamba kwa ajili ya maua. Shemeji alikuwa akiangalia chini akichokonoa udongo kwa kijiti, na mume wangu alikuwa akimwangalia shemeji.

Mzee alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilikuwa nangoja nione ni nani kati yenu atakayeniuliza nitakufa lini," akasema. "Nikaona hakuna anayeuliza, kuna mtu anapanda tu."

Mume wangu akasema baba, hapana. Shemeji naye akasema hapana, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa siku nyingi niliyowasikia wakisema neno moja. Mzee akainua mkono. Alisema shamba halijagawanywa na yeye ndiye atakayeligawa, kwa mpimaji na kwa mawe, siku atakayotaka. Kisha akaniuliza kama maua yale yanaweza kuhamishwa bila kufa. Nikamwambia wakati wa kiangazi ndio mzuri, yakiwa yamelala.

Akaagiza jembe la meno. Mume wangu alitaka kulishika, akakataa. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye tunguu la juu kabisa, akavua koti akamkabidhi mkewe, akachimba. Alikuwa akipumua kwa nguvu. Alipolitoa alilishika kwa mikono miwili, na udongo wake, akalitazama muda mrefu. Alisema baba yake alimshikisha kama lile akiwa kijana mdogo, ng'ambo ile ya bonde, na halikuwa zito hivi.

"Nitayapanda wapi?" nikamuuliza.

"Popote. Lakini yakae mviringo, kama watu wanaoota moto. Mpaka hauzunguki."

Tukayapanda karibu na tangi la maji, mviringo, shingo nje. Sote tulichimba. Shemeji alikuwa nyuma yetu akifukia mashimo ya zamani. Alifukia moja baada ya jingine, akakanyaga kila moja kwa gambuti, akarudi akalikanyaga tena. Mume wangu alimwona. Mimi pia nilimwona. Jioni ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi baba mkwe alipita mbele ya jikoni yangu akaniuliza tumeshindaje.

Siwezi kusema kwamba mambo yalirudi kama zamani. Mke wa shemeji alianza tena kuningoja asubuhi, lakini tukifika pale penye nyasi tupu kati ya nyumba zetu, sote tunanyamaza hatua chache, halafu mmoja anaanza mazungumzo mengine. Mume wangu hakutaja makadamia tena. Mara mojamoja namwona anaiangalia miti ile.

Mvua ndefu zilikuja, nyinyoro zikatoa majani bila ua. Baridi, nikajiambia, yanasikia ugeni. Lakini Oktoba iliyofuata nilisikia mama mkwe akiniita kutoka kwenye tangi. Shina moja lilikuwa limepanda, nene, la zambarau chini, na siku chache baadaye likafunguka. Tulilingoja jioni ili tulinuse. Baba mkwe aliletewa kiti. Alisema tu kwamba hakuwahi kuliona likichanua kwa karibu, kwa sababu yale ya mpakani watoto walikatazwa kuyakaribia. Alikaa mpaka kigiza kikaingia, na mama mkwe akaenda kumletea koti.

Mwaka huu matunguu yamezaa mengine pembeni, na mbegu zake, zile kubwa zilizo kama viazi vidogo, zilichipua zenyewe dirishani nilikoziweka, bila hata udongo. Shemeji alinikuta nikipalilia. Akasimama na kikapu chake, akasema mkewe anayapenda maua yale, kama ninaweza kumpa moja.

Nilimwambia ndiyo. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye udongo, na nilihisi ukisita. Nilijiuliza atalipanda wapi. Mbele ya mlango wao, au kule chini chai inapoanzia, au kwenye zile nyasi. Nilimtazama nione kama anajua ninachofikiri. Alikuwa ameshaangalia pembeni.

Kesho yake nilimpelekea shemeji tunguu. Nilikuwa nimelipanda katika ndoo ya zamani ya rangi, nimetoboa matundu chini, nimejaza udongo na mbolea mpaka kwenye shingo. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza akaona matundu, akaona nilivyoishindilia.

"Umenipa na nyumba yake," akasema.

"Hivyo ni rahisi kulibeba," nikamjibu.

Akaniambia asante. Ndoo aliiweka juu ya matofali mawili karibu na mlango wao, na iko pale mpaka leo. Tunguu limenenepa, ndoo imeanza kutanuka na kupasuka upande mmoja. Juzi nilipokuwa nikipita kwenda kuchuma nilimwona ameinama pale na waya, anaifunga ndoo katikati isiachane. Tukasalimiana. Nikasema mvua ni nzuri mwaka huu, akasema ni nzuri kweli, akaendelea kukaza waya.